Kabla ya kununua bodi nyingine, tuandae mazingira ya kuzifanyia kazi

Kwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lenu ili niwafikie wakuu wa shule za ufundi, wazazi na viongozi wa vikundi vya vijana hapa Lubumbashi kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, limecheleweshwa mno. Katika miaka ya karibuni kompyuta ndogo za bodi moja, hasa Raspberry Pi na mara chache BeagleBone, zimeingia katika karakana zetu kwa njia nyingi: nyingine zimeletwa na ndugu walioko Ulaya, nyingine zimetolewa na wafadhili, nyingine zimenunuliwa kwa michango ya wazazi. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, katika karakana kadhaa ninazozifahamu kwa kazi yangu ya kufundisha elektroniki, bodi hizo zimebaki kabatini, na mwalimu akiulizwa sababu hujibu kwamba wanafunzi hawajui Linux, mfumo endeshi wa bodi hizo, au kwamba mega za intaneti ni ghali, au kwamba umeme hukatika. Sababu hizo ni za kweli, na sitaki kumlaumu mwalimu yeyote. Ninachotaka kusema ni kwamba uzito wa zote tatu hupungua sana ikiwa, kabla ya somo la kwanza, shule imeandaa mazingira kamili ya kutengenezea programu, yaliyo sawa kwa kila mwanafunzi na yanayofanya kazi bila intaneti.

Raspberry Pi ya kwanza ilianza kuuzwa mwishoni mwa Februari 2012, toleo lake kubwa likiwa na bei ya dola 35, na nia ya waanzilishi wake huko Uingereza ilikuwa kuwarudisha vijana kwenye uandishi wa programu. Bei hiyo ndogo imetufanya tuamini kwamba ununuzi ndio mwisho wa gharama. Maelezo mengi yanayofuatana na bodi hizi huandikwa kwa msomaji mwenye intaneti isiyokatika, umeme wa saa zote na duka la vipuri jirani. Anaambiwa aandike amri moja, nayo programu zitapakuliwa zenyewe. Mwanafunzi wa Katuba au Ruashi akifuata maelezo hayo neno kwa neno, mega zake zitaisha kabla hajaandika mstari wake wa kwanza wa programu.

Mazoea yaliyoenea ni kuifanya bodi yenyewe kuwa meza ya kazi. Mwanafunzi huunganisha skrini, kibodi na kipanya, kisha huandika programu na kuikompaili, yaani kuigeuza iwe maelekezo ambayo prosesa inayaelewa, palepale. Kwa programu fupi ya lugha ya Python ya kuwasha na kuzima taa, njia hiyo inatosha na sina ugomvi nayo. Lakini kazi ikikua, bodi yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 huelemewa, na ikibidi kuikompaili keneli ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo huo, bodi za zamani huchukua saa nyingi, saa ambazo hakuna mtu mjini kwetu anayeweza kuahidi kwamba umeme utakuwepo. Kompyuta mpakato, hata ile iliyonunuliwa okazi (iliyokwisha kutumika), ina prosesa yenye nguvu zaidi, ina kumbukumbu kubwa zaidi, na ina betri. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba programu ziandikwe na kukompailiwa kwenye kompyuta mpakato, na bodi ipelekewe tu programu iliyokwisha kukamilika, kupitia waya wa mtandao na amri ya scp, ambayo hunakili mafaili kati ya kompyuta mbili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachozimika ni bodi, na kazi ya mwanafunzi inabaki salama mbele yake.

Hapo panatokea ugumu unaohitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa. Prosesa za kompyuta mpakato nyingi ni za ukoo wa Intel, ilhali za bodi hizi ni za ukoo wa ARM, ambao prosesa yake ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kuanza kufanya kazi mwaka 1985. Programu iliyokompailiwa kwa ukoo mmoja haiwezi kukimbia kwenye ukoo mwingine. Inahitajika kompaila (programu ya kukompaili) ya pekee, inayokaa kwenye kompyuta ya Intel lakini inayotoa programu za ARM. Kwenye Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kompaila hiyo na zana zote zinazoandamana nayo hupatikana kwa kusakinisha kifurushi kimoja, crossbuild-essential-arm64, na kwa amri dpkg --add-architecture arm64 kompyuta hukubali pia kupokea maktaba (mikusanyo ya programu saidizi) za ARM na kuziweka pembeni mwa zile za Intel bila kuzichanganya. Baada ya hapo mwanafunzi hutumia aarch64-linux-gnu-gcc mahali pa gcc, kompaila ya kawaida ya lugha ya C, na mambo mengine yote ya somo hubaki kama alivyoyazoea.

Kompaila hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kuna tofauti mbili ambazo zisipojulikana huleta makosa yasiyoeleweka. Ya kwanza ni tofauti ya vizazi vya prosesa. Raspberry Pi ya mwanzo na Pi Zero ya awali zina prosesa ya muundo wa ARMv6, ilhali kompaila ya Debian ya biti 32 kwa jina la armhf hutoa maelekezo ya ARMv7. Mwanafunzi atakompaili bila onyo lolote, atapeleka programu yake kwenye Pi Zero, na atajibiwa “Illegal instruction” peke yake, bila maelezo zaidi. Atatafuta kosa katika mistari aliyoiandika, wala hatalipata humo. BeagleBone Black haina shida hiyo, kwa kuwa prosesa yake ni ya ARMv7, na Raspberry Pi 3 na zilizofuata zinaweza kutumia mfumo wa biti 64. Ningeshauri shule zilizo na mchanganyiko wa bodi zitenge zile za ARMv6 kwa masomo ya Python, na zisizitumie kabisa kwa masomo ya lugha ya C mpaka mwalimu awe ameandaa kompaila yake mahususi.

Tofauti ya pili inahusu maktaba ya msingi ya C, iitwayo glibc, ambayo karibu kila programu huitegemea. Programu iliyoundwa juu ya toleo jipya la maktaba hii huweza kukataa kukimbia kwenye mfumo wenye toleo la zamani, ingawa kinyume chake huwa hakina shida. Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, ina glibc 2.39, ilhali Debian 12, ambayo ndiyo msingi wa Raspberry Pi OS iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina glibc 2.36. Kijana mwenye Ubuntu hiyo kwenye kompyuta yake na Raspberry Pi OS hiyo kwenye bodi anaweza kukutana na ujumbe kwamba GLIBC_2.38 haikupatikana, na wenzake wenye matoleo mengine wasikutane nao, hata ikaonekana kana kwamba bodi yake ndiyo mbovu. Ukiwa na wanafunzi ishirini wenye kompyuta ishirini zilizosakinishwa na watu ishirini, mwalimu hufundisha kutafuta tofauti za kompyuta na hapati nafasi ya kufundisha lolote lingine.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba kila shule ichague toleo moja la Debian, ilisakinishe kwenye kompyuta zote za wanafunzi, na iweke kwenye bodi mfumo uliojengwa juu ya toleo hilohilo, kisha isibadilishe kitu mpaka mwaka wa masomo uishe. Sidai kwamba Debian 12 ya Juni 2023 ni bora kuliko Debian 13 ya Agosti 2025, wala kinyume chake. Ninadai tu kwamba liwe moja. Penye kompyuta za Windows ambazo wenyewe hawataki zifutwe, Debian hiyohiyo inaweza kukaa ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya nyingine, na faili moja la kompyuta hiyo ya ndani likanakiliwa kwa kila mmoja likiwa limekwisha kusakinishwa kila kitu.

Sasa nije kwenye suala la mega, ambalo ndilo wazazi hulalamikia zaidi. Vifurushi vya programu vya Debian havina haja ya kupakuliwa na kila mwanafunzi peke yake. Programu iitwayo apt-cacher-ng, ikisakinishwa kwenye kompyuta moja ya karakana, hupokea maombi ya wengine kupitia mlango namba 3142, hupakua kila kifurushi mara moja tu, na kuanzia hapo huwagawia wote kutoka kwenye diski yake. Mstari mmoja wa mipangilio katika /etc/apt/apt.conf.d kwenye kila kompyuta na kila bodi unatosha kuwaelekeza huko. Mahali ambapo hakuna intaneti hata kidogo, kuna apt-offline: kompyuta ya karakana huandika katika faili orodha ya vifurushi inavyohitaji, faili hiyo hupelekwa kwa fleshi hadi kwenye kompyuta yenye intaneti, vifurushi hupakuliwa hapo na kurudishwa. Chanzo cha keneli (maandishi ya programu yake), ambacho pamoja na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa, kinaweza kuchukuliwa bila historia kwa amri ya git clone --depth=1, kisha kikanakiliwa kutoka diski hadi diski.

Baadhi ya wazazi wameniuliza kama programu zinazopita kwenye fleshi mkono kwa mkono si njia ya kuleta virusi. Swali ni zuri na jibu lake linatuliza. Orodha ya vifurushi vya Debian imetiwa sahihi ya siri na watunzaji wake, na orodha hiyo ina alama ya hesabu ya kila kifurushi. Apt, programu ya Debian inayosakinisha vifurushi, hukagua sahihi hiyo na alama hizo kabla ya kusakinisha, bila kujali kama kifurushi kimetoka Ulaya kwa intaneti au kimetoka Kampemba ndani ya mfuko wa shati. Kilichobadilishwa njiani hukataliwa. Tahadhari inayobaki ni kutosakinisha kwa mkono, kwa dpkg -i, faili la .deb lisilojulikana lilikotoka, kwa kuwa njia hiyo haipiti kwenye ukaguzi ule.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho hakitajwi katika maelezo mengi na ambacho kwetu ni cha lazima. Raspberry Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kuhesabu zinapozimwa, na Pi 5 yenyewe inayo lakini huhitaji betri inayouzwa kando. Zinapowaka, hutegemea intaneti kujua saa. Bila intaneti bodi huendelea kutoka saa iliyohifadhi mara ya mwisho ilipozimwa, na ikiwa haikutumika tangu likizo, itaamini kwamba bado ni likizo. Madhara yake hayafanani na tatizo la saa hata kidogo. Apt hukataa orodha ya vifurushi ikisema bado haijaanza kuwa halali. Vyeti vya usalama vya mtandao hukataliwa. Programu ya make, ambayo huamua cha kukompaili kwa kulinganisha nyakati za mafaili, hutoa onyo la “Clock skew detected” na huenda ikaacha kukompaili faili lililobadilishwa, hivyo mwanafunzi akarekebisha kosa lake na kuona kosa lilelile likirudi. Saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya kitufe, inayounganishwa kwa waya nne, huondoa yote hayo. Katika joto la kati ya nyuzi 0 na 40 kosa lake halizidi takriban dakika moja kwa mwaka. Kwenye Raspberry Pi mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 katika config.txt, faili la mipangilio ya bodi, ndio unaoitambulisha kwa mfumo. Na eneo la saa lichaguliwe Africa/Lubumbashi, kwani mji wetu una jina lake katika hifadhidata ya nyakati inayotumiwa na Linux duniani kote, na jina hilo hutumika kwa Goma na Bukavu pia.

Umeme wenyewe una upande wa pili ambao si kukatika. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na hadi ampea 3. Chaja ya simu na waya mwembamba huweza kuiwasha, lakini kazi ikiongezeka volti hushuka, na zikishuka chini ya 4.63 bodi hutoa alama ya radi kwenye skrini na hupunguza mwendo wake. Amri vcgencmd get_throttled huonyesha kama jambo hilo limetokea tangu ilipowashwa. Jibu lisipokuwa 0x0, na bodi haijapata joto kali, mwalimu atafute adapta na waya bora kabla ya kutafuta kosa jingine. Kwa nyumba na karakana zenye paneli za jua, betri ya volti 12 pamoja na kipunguza volti kizuri hutoa volti 5 zilizo thabiti.

Kuhusu kadi za kumbukumbu nitakuwa mkali kidogo. Sokoni kuna kadi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani yake hazina hata robo ya nafasi hiyo. Hupokea data bila kulalamika na kuipoteza baadaye. Kila kadi mpya ipimwe kwa f3write na f3read kabla ya kulipiwa au, muuzaji asipokubali, siku hiyohiyo ya kununuliwa. Faili la mfumo lililopakuliwa likaguliwe kwa sha256sum kabla ya kuandikwa kwenye kadi, na jina la kadi lithibitishwe kwa lsblk kabla ya kutumia dd, kwa kuwa dd haiulizi swali lolote na inaweza kufuta diski ya kompyuta nzima. Pia, bodi inayofanya kazi peke yake, kwa mfano inayopima maji ya tangi au betri za jua, iwekewe mfumo wa overlay unaopatikana ndani ya raspi-config, ambao huzuia kadi kuandikwa, ili umeme ukikatika ghafla usikute kadi katikati ya kuandika.

Skrini si lazima, na mara nyingi ndiyo inayokosekana. Kebo ya seriali inayotoka USB, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya skrini, humwezesha mwanafunzi kuona kila kinachotokea tangu keneli inapoanza, hata kama mtandao wa bodi haujafanya kazi. Kwenye Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 huunganishwa kwenye pini 6 kwa ajili ya ardhi, 8 kwa kutuma na 10 kwa kupokea, mwendo ukiwa 115200, baada ya kuandika enable_uart=1 katika config.txt, waya wa kutuma wa upande mmoja huenda kwenye kupokea kwa upande wa pili. BeagleBone Black ina safu yake ya pini sita kwa kazi hiyo. Jambo la kuangalia bila kukosa ni kwamba kebo iwe ya ishara za volti 3.3, kwani ile ya volti 5 inaweza kuiua Raspberry Pi.

Niongeze mambo mawili yanayowasumbua wanafunzi wetu zaidi kuliko wa nchi nyingine. Kibodi zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa wa AZERTY, ilhali Raspberry Pi OS, ikiachwa ilivyo, hudhani kibodi ni ya Uingereza. Mwanafunzi huandika nenosiri sahihi na kuambiwa si sahihi, kwa sababu a imekuwa q. Mpangilio ubadilishwe kabla ya nenosiri kuwekwa. Tena, maelezo mengi ya zamani yanayozunguka katika fotokopi husema kwamba jina la kuingilia ni pi na nenosiri ni raspberry. Tangu Aprili 2022 mtumiaji huyo hawekwi tena, na tangu mwishoni mwa 2016 huduma ya ssh, ya kuingia kwenye bodi kutoka kompyuta nyingine, huja ikiwa imezimwa, hivyo vyote viwili vinapaswa kuandaliwa wakati kadi inapoandikwa.

Ninajua kwamba hakuna shule moja yenye mwalimu mwenye nafasi ya kufanya kazi hii yote peke yake. Ndiyo maana naielekeza barua hii pia kwa Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kina wanafunzi wanaoweza kuandaa diski moja yenye vyote hivi na kuihakiki: Debian ya toleo moja pamoja na vifurushi vinavyohitajika, kompaila za arm64 na armhf, mfumo wa bodi uliokwisha kuwekewa AZERTY na eneo letu la saa, chanzo cha keneli, na mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili na Kifaransa. Shule ingeleta diski yake tupu na kurudi nayo imejaa, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo ingepokea toleo lililohakikiwa upya. Gazeti lenu lingesaidia kwa kutangaza mahali na siku za kunakili.

Kwa wafadhili na ndugu walioko nje nina ombi la moja kwa moja. Anayetaka kuipatia shule bodi kumi, alete saba, na fedha za tatu zilizobaki zinunue diski moja kubwa, saa za DS3231, kebo za seriali za volti 3.3, kadi zilizopimwa na adapta zinazotoa ampea 3 za kweli.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu wa elektroniki,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi